Nani Alipokea Mahari? Maneno na Hati katika Viza ya Kumfuata Mwenzi

Dada yangu aliulizwa swali jepesi: "Siku ya mahari, nani alipokea mali kwa upande wenu?" Alijibu bila kusita: "Baba." Afisa alifungua faili, akaitafuta nakala ya hati ya ndoa, akaweka kidole juu ya jina la baba mzazi wa dada. Mbele ya jina hilo paliandikwa kwa Kifaransa "décédé", yaani marehemu. Akauliza tena, polepole. Dada akarudia jibu lile lile, na safari hii kwa kushangaa kidogo, maana hakuona kosa liko wapi. Miezi mingi ilipita, kisha jibu likaja: viza imekataliwa, kwa sababu maelezo ya bibi harusi yanapingana na hati zake mwenyewe.

Dada hakusema uongo. Aliyepokea mahari ni baba mdogo, mdogo wa marehemu, ambaye ndiye aliyemlea na kumsomesha. Nyumbani kwetu hakuna anayemwita kwa jina jingine ila "baba". Na mimi pia, ndugu msomaji, nimekwisha kukutega: huyu ninayemwita dada yangu ni mtoto wa mama mdogo wangu. Kwako wewe unayesoma Kiswahili hakuna neno la kusahihisha hapo. Kwa mtu anayesoma faili huko Ulaya, yapo mawili.

Makala hii inaeleza jinsi ya kutayarisha viza ya mwenzi baada ya kufunga ndoa na mtu wa nchi nyingine. Nitapita hatua moja moja, na nitakaa zaidi pale ambapo lugha inaingia, kwa kuwa ndiyo kazi ya fakulte yetu. Mfano wangu mkuu ni Ubelgiji, nchi ambako Wakongomani wengi wana ndugu, na ambako sheria zake zinafahamika vizuri. Mambo mengi yatafaa pia kwa Ufaransa, Kanada au Marekani, ingawa kila nchi ina kanuni zake.

Ndoa haileti viza yenyewe

Wengi wanaamini kwamba ukishafunga ndoa na Mbelgiji, umepata haki ya kuingia Ubelgiji. Sivyo. Ndoa inakupa haki ya kuomba, na ombi lina masharti. Sheria kuu ni ile ya tarehe 15 Desemba 1980 kuhusu kuingia, kukaa na kuondolewa kwa wageni. Imebadilishwa mara nyingi. Ilikazwa sana kwa sheria ya tarehe 8 Julai 2011, na tena mwaka 2025. Kwa hiyo usifuate ushauri wa jirani aliyempeleka mke wake mwaka 2008. Alipita mlango ambao leo una kufuli nyingine.

Jambo la kwanza ni kujua mwenzi wako ana hadhi gani kule. Kama ni Mbelgiji, faili lako linafuata kifungu cha 40ter cha sheria hiyo. Kama ni raia wa nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya anayeishi Ubelgiji, ni kifungu cha 40bis. Kama ni Mkongomani mwenye kibali cha kukaa, ni kifungu cha 10 au 10bis, kufuatana na aina ya kibali chake. Usibahatishe hapa. Watu wengi husema "mume wangu ni Mbelgiji" wakimaanisha kwamba anaishi Ubelgiji. Kumbuka pia kwamba kwa sheria ya Congo uraia wetu ni mmoja na wa pekee: aliyezaliwa Kongomani kisha akachukua uraia wa Ubelgiji, anahesabiwa huku kwetu kuwa mgeni, hata kama anaongea Kiswahili cha Kadutu kuliko wewe.

Jambo la pili ni aina ya viza. Ile ya siku 90, aina ya C, ni ya matembezi. Anayemfuata mwenzi ili kuishi naye huomba viza ndefu, aina ya D, kwa ajili ya kuunganisha familia. Kuomba ya matembezi huku nia ni kuhamia ni kujichimbia shimo, maana maneno uliyoandika katika ombi la kwanza hubaki katika kumbukumbu na yatasomwa tena siku ya ombi la pili.

Umri nao unaangaliwa. Kwa Congo, mtu anaoa au kuolewa akiwa na miaka 18 kamili. Ubelgiji, kwa viza ya mwenzi, kanuni ya kawaida ni kwamba wote wawili wawe wametimiza miaka 21, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na sheria.

"Tulioana lini?" Swali lenye majibu matatu

Kwetu ndoa ni safari. Kuna siku ya kujitambulisha, siku ya mahari, siku ya komini na siku ya kanisa au msikiti. Ukimuuliza mama yangu ameolewa lini, atakupa tarehe ya mahari. Ukimuuliza padri wake, atakupa tarehe ya sakramenti. Afisa wa viza anaitambua tarehe moja tu: ile iliyo katika hati ya etasivili.

Sheria yetu ya Familia, yaani sheria namba 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa na sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016, inatoa njia mbili. Ya kwanza ni kufunga ndoa katika familia kwa kufuata mila, kisha kwenda kuiandikisha mbele ya afisa wa etasivili. Ya pili ni kufunga ndoa moja kwa moja mbele ya afisa huyo. Ndoa ya kanisani peke yake haizai hati inayotambuliwa na serikali. Katika njia zote mbili kifungu cha 361 kinadai mahari: familia zipatane, na angalau sehemu yake itolewe kabla ya ndoa. Ndiyo sababu mahari hutajwa katika hati, na ndiyo sababu afisa wa ubalozi huuliza habari zake.

Ubelgiji kwa upande wake huikagua ndoa ya nje kwa kutumia sheria yake ya tarehe 16 Julai 2004 kuhusu sheria binafsi ya kimataifa. Kwa kifupi, inauliza maswali matatu. Je, kila mmoja alitimiza masharti ya sheria ya nchi yake mwenyewe? Je, hati ni halisi? Je, ndoa ilifungwa kwa ajili ya kuishi pamoja, au kwa ajili ya karatasi za kukaa tu? Swali la tatu ndilo linalowanyima watu usingizi. Sheria ya Ubelgiji inasema kwamba hakuna ndoa pale ambapo mkusanyiko wa mambo unaonyesha wazi kuwa angalau mmoja hakukusudia maisha ya pamoja ya kudumu, bali faida ya kibali tu. Angalia maneno "mkusanyiko wa mambo". Jambo moja halitoshi: tofauti ya umri peke yake, au kufahamiana kwa muda mfupi peke yake. Lakini vitu vidogo vitano vikipangwa kwenye mstari mmoja huanza kuonekana kama kitu kikubwa.

Kwa sababu hiyo, ndoa ambayo mume hakuwepo siku yake, akawakilishwa na kaka yake, huanza safari ikiwa na mzigo. Ikiwezekana, mwenzi aje mwenyewe. Na kama mmoja aliwahi kuoa au kuolewa, hukumu ya talaka au cheti cha kifo cha mwenzi wa zamani kiwe tayari mapema. Mke wa pili hatapata viza hii wakati wa kwanza bado yupo katika ndoa.

Jina lako ni nani hasa?

Sasa tufike kwenye hati ambayo huchelewesha mafaili mengi: cheti cha kuzaliwa. Sheria ya 2016 inawapa wazazi siku 90 za kumwandikisha mtoto kwenye etasivili. Wengi wetu hatukuandikishwa ndani ya muda uliowekwa. Muda ukipita, njia iliyobaki ni mahakama: unaomba hukumu inayoshika nafasi ya cheti, ile inayoitwa "jugement supplétif", kisha kwa hukumu hiyo ofisi ya etasivili inaandika cheti chako. Hakuna aibu katika njia hii. Aibu ni kununua cheti "cha haraka" kilichoandikwa tarehe ya zamani. Ubalozi unaweza kutuma mtu kuangalia daftari la komini, na kama namba ya hati haimo ndani ya daftari, unapoteza viza, na pia unapoteza kuaminiwa katika maombi yote yatakayofuata.

Kisha kuna jina lenyewe. Historia ya majina yetu ni somo kamili la isimu. Mwaka 1972, wakati wa siasa ya "authenticité", majina ya Kikristo yalikatazwa; Joseph-Désiré Mobutu mwenyewe akawa Mobutu Sese Seko. Watu wakaongeza jina la pili la asili, "postnom". Baada ya 1990 majina ya ubatizo yalirudi hadharani, lakini postnom haikuondoka. Ndiyo maana leo Mkongomani ana sehemu tatu: jina, postnom na jina la kwanza. Ubelgiji inajua sehemu mbili tu: jina la ukoo na jina la mtu. Mwandishi wa huko akipokea "Mwamba Kalenga Jeanne" anapaswa kuamua Kalenga aende upande gani. Hati moja ikimweka upande huu, nyingine upande ule, kompyuta inaona watu wawili.

Ongeza hapo tahajia. Sauti moja tunaiandika kwa njia nyingi, kufuatana na mmisionari gani alipita kijijini: Chibangu, Tshibangu, Cibangu. Mwamba na Muamba. Katika Kivu, "c" na "rh" za Mashi hupotea mara karani asiyeijua lugha hiyo anaposhika kalamu. Katika darasa la fonolojia tofauti hizi ni furaha. Katika faili la viza ni kesi.

Kabla ya harusi, chukua karatasi moja. Andika jina lako, tarehe na mahali pa kuzaliwa jinsi vilivyo katika kila hati: cheti cha kuzaliwa, diploma ya serikali, kadi ya mpiga kura, paspoti, hati ya ubatizo. Fanya vivyo hivyo kwa majina ya wazazi. Kama kuna tofauti, isahihishe sasa, kwa njia ya mahakama ikibidi, kabla afisa wa etasivili hajaandika hati ya ndoa. Baada ya harusi, kila kosa linakuwa limezaa watoto.

Sahihi juu ya sahihi

Hati za Congo hazikubaliki nje kwa muhuri wa komini peke yake. Kuna mapatano ya kimataifa ya Hague ya tarehe 5 Oktoba 1961 yanayorahisisha kazi hii kwa muhuri mmoja tu, lakini faida hiyo haihusu hati zetu. Sisi tunapitia njia ndefu: hati inathibitishwa na mamlaka za hapa, mwisho Wizara ya Mambo ya Nje mjini Kinshasa, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda unathibitisha sahihi ya wizara. Elewa vizuri maana ya mihuri hii. Inasema kwamba sahihi ni ya mtu mwenye haki ya kusaini. Haisemi kwamba yaliyoandikwa ni kweli. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na mihuri yote na bado akanyimwa viza.

Kwa anayetoka Lubumbashi, Bukavu au Kisangani, hatua hii ni ya gharama, kwa sababu hati husafiri hadi Kinshasa na kurudi. Tayarisha zote kwa pamoja zisafiri mara moja: cheti cha kuzaliwa, hati ya ndoa, na cheti cha mahakama kuhusu makosa ya jinai. Hati ya jinai na cheti cha daktari huisha nguvu baada ya miezi michache, kwa hiyo ziache ziwe za mwisho kuchukuliwa.

Kuhusu lugha, hapa tuna bahati. Ubelgiji hupokea hati kwa Kifaransa, Kiholanzi, Kijerumani au Kiingereza, na hati zetu ziko kwa Kifaransa. Anayekwenda Marekani hana bahati hiyo: kila karatasi ya Kifaransa inaambatana na tafsiri kamili ya Kiingereza, pamoja na tamko lililosainiwa na mfasiri kwamba anazijua lugha zote mbili na kwamba tafsiri ni sahihi. "Kamili" maana yake hata muhuri na maandishi ya pembeni hutafsiriwa.

Mzigo wa aliye kule

Nusu ya faili iko mikononi mwa mwenzi aliye Ubelgiji. Yeye lazima aonyeshe mambo matatu: mapato ya kudumu, ya kawaida na ya kutosha, nyumba inayotosha familia, na bima ya afya inayomfunika mwenzi anayekuja. Kiwango cha mapato kimewekwa na sheria na hupanda kufuatana na gharama za maisha, tena mageuzi ya 2025 yalibadilisha namna ya kukihesabu, kwa hiyo angalia kiwango cha mwezi ule ule mnaopeleka faili. Msaada wa kijamii hauhesabiwi kuwa mapato.

Hapa ndoa nyingi hupata mtihani wa kwanza. Kule Ulaya kuna mtu anayefanya kazi ya mikataba mifupi mifupi na hataki kumwambia mke wake kwamba mshahara hautoshi. Huku kuna mke anayeulizwa na shangazi kila Jumapili: "Unasafiri lini?" Kusema ukweli mapema kunaokoa pesa na kunaokoa heshima, kwa sababu ada za faili hazirudishwi ukinyimwa.

Chumba cha mahojiano

Turudi sasa kwa dada yangu. Si kila faili huitwa kwa mahojiano, lakini lenye shaka huitwa, na mara nyingine mume anahojiwa kule na mke huku, kwa maswali yale yale. Mlijuana vipi? Nani aliwakutanisha? Ana ndugu wangapi? Anafanya kazi gani, saa ngapi anatoka nyumbani? Harusi ilihudhuriwa na nani? Mahari ilikuwa nini? Mnaongea lugha gani mkiwa wawili? Kisha majibu hulinganishwa.

Waliopendana kweli huanguka hapa, na sababu yake mara nyingi ni kamusi. Nimekusanya mitego minne kutoka kwa watu niliowasaidia kuandika barua zao.

Mtego wa kwanza ni majina ya undugu. "Baba" ni baba mzazi, baba mkubwa na baba mdogo. "Mama" ni mama mzazi, mama mkubwa, mama mdogo. "Kaka" na "dada" ni pamoja na watoto wa hao wote. Mume akisema mke wake ana ndugu wanne, kwa kuhesabu tumbo moja, na mke akisema kumi na mmoja, kwa kuhesabu nyumba aliyokulia, wote wawili wamesema kweli. Katika karatasi ya afisa, mmoja hamjui mwenzake. Jibu linapaswa kuwa na mwili: "Aliyepokea mahari ni baba mdogo, mdogo wa baba yangu mzazi ambaye ni marehemu. Kwetu tunamwita baba." Sentensi tatu. Dada yangu alikuwa nazo zote kichwani, lakini hakuna aliyemwambia kwamba alipaswa kuzitoa.

Mtego wa pili ni saa. Anayehesabu saa za Kiswahili anasema harusi ilianza saa nne asubuhi. Mume aliyezoea saa za Kifaransa anasema saa kumi. Wote wanaongelea wakati mmoja, lakini neno kwa neno wanatofautiana kwa saa sita. Kama unahojiwa kwa Kiswahili, sema wazi unahesabu saa ipi. Kama unahojiwa kwa Kifaransa, hesabu kwa Kifaransa.

Mtego wa tatu ni vitenzi vya mapendo. "Tulijuana 2019" yaweza kumaanisha kwamba mlisalimiana kwenye msiba, au kwamba mlianza uchumba. "Mke wangu" mtu aweza kusema tangu siku ya kujitambulisha, mwaka mzima kabla ya komini. Panga tarehe zako kwa kitendo: tulionana mara ya kwanza lini, tulianza uchumba lini, familia zilikutana lini, mahari ilitolewa lini, tulisaini lini kwa komini. Wote wawili mzijue kwa mpangilio huo. Huko si kukariri uongo. Ni kukubaliana kuhusu maana ya maneno.

Mtego wa nne ni haya. Kwetu binti mwenye adabu haelezi mbele ya mgeni jinsi mume wake anavyolala au anachopenda kula usiku. Anaangalia chini, anajibu kwa kifupi, anasema "sijui" ili asionekane mwenye maneno mengi. Afisa anaandika: hajui habari za mume wake. Tuwaambie dada zetu kwamba katika chumba kile, kujibu kwa urefu ni adabu.

Na lugha ya mahojiano? Chagua ile unayoimiliki, usichague ile yenye heshima. Wengi hukubali Kifaransa kwa kuona haya kuonekana hawakusoma, kisha wanashindwa kueleza "binamu wa upande wa mama". Ukiomba mkalimani, mwambie mwanzoni unaongea Kiswahili cha wapi. Kiswahili cha Lubumbashi na cha Goma vina maneno yasiyofanana, na mkalimani aliyejifunza cha Zanzibar anaweza kupotea katika vyote viwili. Kama hukuelewa swali, sema hukuelewa. Na kabla ya kusaini maelezo, omba yasomwe tena. Sahihi yako ndiyo itakayokufuata.

Mitihani ya lugha

Ubelgiji haidai mtihani wa lugha kabla mwenzi hajaingia. Nchi nyingine zinadai. Ujerumani huomba kiwango cha A1 cha Kijerumani, sharti lililowekwa mwaka 2007. Uholanzi ina mtihani wa lugha na maisha ya nchi unaofanywa nje tangu 2006. Uingereza huomba A1 ya Kiingereza, na tangu Aprili 2024 mapato ya pauni 29,000 kwa mwaka. A1 ni ngazi ya chini kabisa: kujitambulisha, kuuliza njia, kuongelea familia. Mwenye bidii anaifikia kwa miezi michache, hasa akisoma wakati hati zinazunguka Kinshasa badala ya kungoja.

Hata Ubelgiji, kazi ya lugha huja baada ya kufika. Kule Flandria mgeni huelekezwa kwenye mafunzo ya Kiholanzi na ya maisha ya nchi. Mkongomani anayefika Antwerp akitumaini Kifaransa chake, atashangaa.

Kungoja, kunyimwa, kukata rufaa

Uamuzi hautolewi na ubalozi, isipokuwa katika mambo mepesi. Faili linakwenda Brussels, kwa Ofisi ya Wageni. Kwa mwenzi wa Mbelgiji muda wa kawaida ni miezi 6. Kwa mwenzi wa mgeni mwenye kibali ni miezi 9, nao unaweza kuongezwa kama faili ni gumu. Wakati huo endeleeni kuhifadhi alama za maisha yenu: tiketi za safari, risiti za pesa zilizotumwa, picha zenye watu wa pande zote mbili. Mazungumzo ya simu nayo yana uzito, lakini chagueni kurasa chache za miezi tofauti. Hakuna atakayesoma elfu mbili.

Ukinyimwa, soma barua neno kwa neno na uangalie tarehe uliyoipokea. Una siku 30 za kupeleka rufaa kwa Baraza la Mashauri ya Wageni huko Brussels, na kwa hilo unahitaji avoka anayefanya kazi Ubelgiji. Baraza hili halitoi viza. Linaweza kuufuta uamuzi, na Ofisi ya Wageni inalazimika kuamua upya. Kama sababu ya kunyimwa ni kwamba ndoa yenyewe haikutambuliwa, njia yake ni mahakama ya familia ya Ubelgiji. Kama sababu ni karatasi iliyokosekana, mara nyingi kupeleka faili jipya lililotengenezwa vizuri ni haraka kuliko kesi.

Ukikubaliwa, safari haijaisha. Baada ya kufika una siku 8 za kazi kwenda kujiandikisha kwenye komini ya mwenzi wako, na polisi wa mtaa atapita nyumbani kuona kama kweli mnaishi pamoja. Katika miaka 5 ya kwanza kibali kinaweza kuondolewa kama maisha ya pamoja yamekatika. Lakini kila mwanamke anayeondoka huku anapaswa kujua jambo hili: sheria ina kinga kwa mwenzi aliyepigwa au kuteswa nyumbani. Hakulazimika kuvumilia kipigo ili asipoteze kadi. Ripoti ya polisi na cheti cha daktari ndizo hati atakazohitaji, na azipate siku ile ile.

Kazi yetu sisi

Dada yangu hakukata rufaa. Siku 30 zilikwisha familia ikingali inajadiliana. Walianza upya. Safari hii baba mdogo alikwenda mbele ya notari akatoa tamko: yeye ni nani, marehemu alikuwa nani, nani alipokea mahari na kwa nini watoto wote humwita baba. Mimi niliandika ukurasa mmoja wa kueleza majina ya undugu katika Kiswahili, pamoja na mchoro wa ukoo: duara kwa wanawake, pembetatu kwa wanaume, kama tunavyochora katika somo la anthropolojia ya lugha. Dada aliuweka juu ya faili.

Viza ilitoka. Siwezi kujua kama ni ukurasa wangu, au mshahara wa shemeji uliokuwa umepanda. Lakini tangu siku ile sijasikia tena katika familia yetu mtu akiniuliza ninasomea Kiswahili ili nifanye nini.

Ndugu mwanafunzi, watu wa mtaa wako wana mafaili kama hilo mezani. Hawahitaji uwaandikie hadithi nzuri. Wanahitaji mtu wa kukaa nao jioni moja, kusoma hati zote kwa pamoja, na kuuliza swali ambalo afisa atauliza: "Ukisema baba, unamaanisha nani?"